Seti ya slaidi za kiinitete cha mmea: kiinitete kinaonekana vizuri, endospemu imeachwa gizani

Somo la kuumbika kwa mbegu huwasumbua walimu wa baiolojia kwa sababu jambo lenyewe hutokea mafichoni: limo ndani ya ovuli, yaani sehemu ya ua inayokuja kuwa mbegu, ovuli imo ndani ya ovari, na hatua zake za mwanzo hupita katika siku chache tu baada ya ua kuchavushwa, kabla mtu hajatambua kwamba kuna tunda linalokuja. Kwa miaka mingi nimelifundisha kwa chaki na michoro, na kila mwaka nimewaona wanafunzi wakikariri majina ya hatua bila kuamini kwamba hatua hizo zipo. Mwanzoni mwa muhula uliopita shule yetu, iliyoko mkoani Tanga, ilinunua seti ya slaidi 12 kutoka duka moja la vifaa vya maabara jijini Dar es Salaam kwa shilingi 120,000. Nimeitumia muhula mzima na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya walimu wenzangu wanaofikiria kuinunua, kwa kuwa fedha hiyo si ndogo kwa maabara ya shule, na kwa kuwa seti hii ina uzuri mkubwa katika kuonyesha kiinitete, yaani mmea mchanga ulio ndani ya mbegu, na kosa kubwa kuhusu endospemu, yaani tishu ya chakula chake, ndani ya boksi moja.

Slaidi zinakuja katika boksi la mbao lenye mifereji, kila moja imefungwa kwa karatasi laini, na yetu ilisafiri kwa basi bila hata kioo kimoja kupasuka. Ndani yake kuna slaidi ya chavua, slaidi ya mfuko wa chavua uliokatwa kwa upana, slaidi ya ovari, slaidi 6 za kiinitete cha Capsella katika hatua mbalimbali, slaidi 2 za punje ya mahindi, na moja ya haragwe changa. Kuna pia kijitabu cha maelezo chenye kurasa chache, ambacho nitakizungumzia kwa urefu baadaye. Slaidi tatu za mwanzo ni za kawaida na zinapatikana karibu kila mahali, kwa hiyo sitazisemea zaidi ya kuthibitisha kwamba rangi zake ni safi.

Thamani ya seti iko katika zile slaidi 6 za Capsella. Mmea huu ni gugu dogo la jamii ya kabichi na haradali, na umekuwa mwalimu wa elimu ya kiinitete tangu mwaka 1870, pale mwanabotania wa Ujerumani, Johannes von Hanstein, alipoeleza jinsi seli zake zinavyogawanyika kwa utaratibu usiobahatisha. Utaratibu huo ndio unaoufanya ufae kwa darasa, kwa maana mwanafunzi anaweza kuihesabu migawanyiko kwa macho yake. Katika slaidi ya kwanza, chini ya lenzi ya nguvu zaidi, tuliona zaigoti, yaani yai lililorutubishwa, iliyokwisha kugawanyika mara moja, na mgawanyiko wenyewe si wa sawa kwa sawa: kuna seli ndogo upande wa juu, iliyojaa na yenye rangi nzito, na seli ndefu upande wa chini, yenye uwazi mkubwa ndani yake. Ile ndogo ndiyo itakayokuwa karibu kiinitete chote. Ile ndefu hujigawa ikawa uzi wa seli unaoitwa saspensa, ambao hukisogeza kiinitete katikati ya chakula chake, hukipitishia lishe, kisha hufa kazi yake ikiisha. Katika slaidi ya pili uzi huo unaonekana wote, na seli yake ya mwisho imevimba kama kibofu. Nimefundisha neno saspensa kwa zaidi ya miaka kumi, na nakiri kwamba sikuwahi kuiona kwa uwazi wa namna hii.

Slaidi ya tatu inaonyesha kiinitete cha umbo la duara, na hapa mkataji amefanya kazi ya kusifiwa, kwa sababu amepita katikati kabisa. Seli za nje zimejipanga safu moja kama watu wanaozunguka uwanja, nazo ndizo zitakazokuwa ngozi ya mmea. Za ndani zimeanza kujitenga kwa ajili ya mishipa na tishu za kujazia. Mwanafunzi mmoja aliuliza swali ambalo kila darasa zuri huliuliza hapa: je, duara hili linajuaje upande gani utakuwa mzizi na upande gani utakuwa chipukizi? Jibu linatoka kwa ndugu wa karibu wa Capsella, Arabidopsis, ambaye watafiti wamemchunguza kuliko mmea mwingine wowote katika jambo hili. Mwanzoni protini iitwayo PIN7 huisukuma homoni ya oksini kutoka kwenye saspensa kwenda juu, kuelekea kiinitete. Kiinitete kinapofikia seli 32 hivi, mkondo hugeuka: protini nyingine, PIN1, huipeleka oksini chini, ikakusanyika karibu na seli ya juu kabisa ya saspensa, na seli hiyo moja huacha undugu wake na uzi ule wa muda, ikajiunga na kiinitete na kuwa chimbuko la ncha ya mzizi. Katika slaidi yetu seli hiyo inaonekana kwenye kiungo cha duara na uzi, na nilipoweka ncha ya kielekezi cha hadubini juu yake, darasa lilinyamaza.

Slaidi ya nne na ya tano ni za umbo la moyo na umbo lililorefuka kama risasi, wakati kotiledoni mbili, yaani majani ya mbegu, zinapochomoza na mhimili wa mmea unapojinyoosha. Vibandiko vyake vimebadilishwa: kilichoandikwa moyo ni ile iliyorefuka, na kinyume chake. Kosa hili ni dogo kwa mwalimu anayejua anachokitazama, lakini mwanafunzi anayejisomea peke yake atapotoka, kwa hiyo tulibandua na kubandika upya siku ile ile. Hizi ndizo slaidi zinazofaa kufundishia jenetiki ya umbo. Mwaka 1991 watafiti nchini Ujerumani walitangaza kwamba wametafuta, miongoni mwa miche ya Arabidopsis iliyoharibiwa jeni kwa makusudi, ile ambayo mpango mzima wa mwili wake umevurugika, wakapata kwamba kuharibika kwa jeni moja tu kunatosha kuondoa sehemu nzima ya mmea. Mche wenye jeni mbovu ya MONOPTEROS hukosa mzizi na shina lake la chini. Mche wenye jeni mbovu ya GNOM hupoteza ncha zote mbili, ukabaki kama kibonge kisicho na juu wala chini. Baadaye ilibainika kwamba protini ya MONOPTEROS ndiyo inayoitikia wito wa oksini ndani ya seli, na GNOM husaidia kuiweka PIN1 upande wake unaostahili. Wanafunzi wakiisha kuuona moyo wa kawaida chini ya lenzi, ninawaambia wauchore ukiwa hauna MONOPTEROS, na mchoro wao hunionyesha papo hapo nani ameelewa na nani anakariri.

Slaidi ya sita ni ya kiinitete kilichokomaa, kimejikunja ndani ya ganda kama fimbo yenye mpini uliopinda. Kijitabu kinaishia kwa kusema kwamba mbegu sasa imekamilika, na nadhani kimeliacha jambo kubwa kupita bila kuguswa, kwa sababu kukomaa kwa mbegu hakuji kwenyewe baada ya umbo kuisha, bali ni kazi nyingine yenye jeni zake. LEC1, LEC2, FUS3 na ABI3 huwasha ujazaji wa protini na mafuta, na huiandaa mbegu kuvumilia ukavu. Mbegu ya Arabidopsis yenye LEC1 mbovu huonekana kama mbegu, lakini ikikauka hufa. Kwa sisi wa pwani mfano wa kinyume uko karibu. Mikoko inayoota kwenye ghuba zetu haina hatua hiyo ya kukauka na kupumzika: kiinitete chake huendelea kukua tunda likiwa bado juu ya mti, mpaka mche mrefu wa kijani unaning'inia na kuanguka matopeni ukiwa tayari kuota. Katika mahindi, jeni inayolingana na ABI3 ikiharibika, punje huchipua zikiwa bado kwenye gunzi. Niliwapeleka wanafunzi ufukweni wakauone mche wa mkoko, na saa moja ile ilikamilisha kile ambacho slaidi ya sita haikuweza kukieleza.

Sasa nije kwenye kosa. Katika ukurasa wa pili wa kijitabu imeandikwa kwamba endospemu ni tishu ya mama inayokilisha kiinitete. Sentensi hiyo ni fupi, inasomeka vizuri, na si kweli kwa mmea wowote uliomo katika boksi hili. Ingekuwa sahihi kwa misunobari, ambayo chakula cha mbegu yake hutokana na tishu ya upande wa kike pekee, iliyokuwepo kabla ya urutubishaji. Katika mimea itoayo maua mambo ni tofauti kabisa, na ugunduzi wa tofauti hiyo ni mojawapo ya habari kubwa za botania. Mwaka 1898 mwanabotania Sergei Nawaschin, akifanya kazi Kyiv na maua ya jamii ya yungiyungi, aliona kwamba mrija wa chavua huingia na gameti, yaani seli za uzazi, mbili za kiume, na zote mbili hupata kazi: moja huungana na yai ikawa zaigoti, na ya pili huungana na viini viwili vya seli ya kati, ikawa mwanzo wa endospemu. Léon Guignard wa Ufaransa alithibitisha jambo hilo mwaka uliofuata. Kwa hiyo endospemu ina baba. Ina seti tatu za kromosomu, mbili kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba, na ni pacha wa kiinitete asiyeacha uzao. Muhindi una kromosomu 20 katika jani lake na katika kiinitete cha punje yake, lakini endospemu ya punje hiyo ina 30. Mnazi una 32, na endospemu yake 48.

Kinachonisikitisha ni kwamba slaidi zenyewe zinaonyesha ukweli ambao kijitabu kimeukosa. Rudi kwenye slaidi ya tatu, ile ya kiinitete cha duara, na usitazame duara; tazama uwazi unaolizunguka. Kando ya ukuta wa mfuko wa kiinitete kuna nukta nyekundu zilizotapakaa, ambazo kijitabu hakijazitaja hata kwa neno moja, na ambazo wanafunzi wangu walidhani ni uchafu wa rangi. Hizo ni viini vya endospemu vinavyojigawa bila kujengewa kuta, vikielea katika majimaji ya pamoja, kabla ya kuta kuanza kujengwa na seli kuonekana.

Nilipoona hawaniamini nilinunua madafu sokoni. Mswahili ana majina ya hatua za endospemu ya mnazi kuliko kijitabu chochote cha maabara: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Katika dafu, maji unayokunywa ni endospemu yenyewe ikiwa bado majimaji, yenye viini vilivyo huru kama zile nukta za slaidini; ile nyama laini inayokombwa kwa kijiko ni endospemu iliyoanza kujijengea kuta za seli pembeni; na kutoka koroma hadi nazi, nyama hiyo huwa nene na ngumu. Kiinitete kiko chini ya jicho moja laini kati ya yale matatu, kidogo kama punje, na nazi ikianza kuota, kotiledoni yake huvimba kwa ndani ikawa lile joya jeupe la sponji ambalo watoto hulipenda, huku likinyonya maji na nyama. Kila mwanafunzi wa Tanga amekula endospemu katika hatua zake zote. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba alichokula na zile nukta nyekundu ni kitu kimoja.

Tena uhusiano wa dafu na kiinitete haukuishia kwenye mnazi. Mwaka 1941 Johannes van Overbeek na wenzake nchini Marekani walikuwa wakijaribu kukuza nje ya mbegu viinitete vichanga sana vya mmea uitwao Datura, na vilikuwa vikifa, mpaka walipoongeza maji ya nazi kwenye chakula chake. Kilichokuwa kinakosekana ni vitu ambavyo endospemu huvitoa, na baadaye ikajulikana kwamba miongoni mwake zimo homoni za kundi la saitokinini. Mpaka leo maji ya dafu hutumika katika maabara za kukuza mimea kwa tishu. Kijitabu kingeweza kulisema jambo hili kwa mistari mitatu.

Slaidi 2 za mahindi ndizo zilizoniudhi zaidi kwa upande wa utengenezaji. Kiinitete kimekatwa vizuri, na ngao yake inayonyonya chakula inaonekana bila shida, lakini sehemu ya wanga wa endospemu imemomonyoka na kuanguka, ikaacha matundu na vipande vilivyopindana. Najua kwamba punje iliyokomaa ni ngumu kuikata nyembamba bila kumong'onyoka. Hata hivyo mtengenezaji angeweza kuchagua punje changa, ikiwa bado na maziwa. Endospemu ni sehemu kubwa mno ya uzito wa punje, ndiyo unga wa ugali wetu, na kuikosa katika slaidi ya mahindi ni kuikosa mada yenyewe.

Nilifidia kwa hindi kutoka shambani. Wakulima wetu wanajua kwamba ukipanda mahindi meupe karibu na ya njano, utavuna mahindi meupe yaliyochanganyika na punje za njano msimu huo huo, wala si msimu ujao. Hilo haliwezekani kama endospemu ni tishu ya mama. Kila unywele katika ndevu za hindi ni njia ya punje moja, na kila punje imepata chavua yake. Ile iliyopata chavua ya muhindi wa njano hupata jeni ya njano katika endospemu yake, na rangi huonekana mara moja. Ukitazama kwa makini utaona pia kwamba njano hiyo imepauka kuliko ya hindi halisi la njano, kwa kuwa nakala ya njano ni moja na nyeupe ni mbili: hesabu ya Nawaschin imeandikwa juu ya punje. Ganda la nje, kwa upande wake, ni la mama tupu. Punje moja hubeba kwa hiyo tishu za asili tatu, na mwanafunzi anayeijua sentensi hii hatayumba tena katika maswali ya urithi wa mbegu.

Slaidi ya haragwe ni ya kuridhisha, na ina faida moja ambayo sikuitarajia. Endospemu yake imekwisha kuliwa karibu yote, na kotiledoni zimejaza nafasi, jambo linalosaidia kueleza mbaazi za bustani za Gregor Mendel, mwanzilishi wa elimu ya urithi: umbo la kukunjamana au kuviringana alilolihesabu lilikuwa la kotiledoni, yaani la kizazi kipya, ilhali rangi ya ganda ilifuata mmea mama. Mwaka 1990 watafiti nchini Uingereza walionyesha kwamba mbaazi hukunjamana kwa sababu kipande cha DNA kimejipachika katika jeni ya kimeng'enya kinachotia matawi kwenye wanga. Sukari huzidi, mbegu hufyonza maji mengi, na ikikauka ngozi husinyaa. Kwa wanafunzi wa juu huongeza jeni ya MEDEA ya Arabidopsis, iliyoelezwa mwaka 1998, ambayo katika endospemu husikika nakala ya mama tu na ya baba hunyamazishwa, kiasi kwamba mama akiwa ameipitisha ikiwa mbovu mbegu hufa hata kama chavua ilikuwa nzima.

Kuhusu huduma, niliwapigia simu wauzaji kuhusu vibandiko na kuhusu mahindi. Walisikiliza kwa adabu, wakakubali kubadilisha slaidi moja ya mahindi, na ile mpya ilipofika ilikuwa na kasoro ile ile, maana yake tatizo liko kwa mtengenezaji. Kuhusu sentensi ya endospemu walisema wao hawaandiki vijitabu, jibu ambalo sikulikubali, kwa sababu anayeuza kifaa cha kufundishia anauza na maneno yaliyomo. Tumekata ukurasa wa pili na kubandika mahali pake ukurasa tuliouandika wenyewe kwa Kiswahili na Kiingereza.

Kwa mwalimu mwenye hadubini inayofikia ukuzaji wa mara 400 na bajeti ya seti nzima, ninaishauri, kwa masharti kwamba asome kijitabu kabla ya wanafunzi kukisoma. Kwa mwenye fedha kidogo, duka hilo lilinieleza kwamba linauza pia slaidi moja moja kwa shilingi 12,000. Achukue ya pili, ya tatu na ya nne za Capsella, akague kibandiko cha hiyo ya nne, kisha fedha iliyobaki anunulie madafu mawili, nazi moja iliyoanza kuota, na hindi lenye punje za rangi mbili.